Nani Anaruhusiwa Kusimamisha Ngoma

Wewe uliyekabidhiwa funguo za stoo juzi, sikiliza kidogo kabla hujaanza kupanga rafu upya. Najua utazipanga upya. Hata mimi nilizipanga upya nilipozipokea. Nimestaafu, nina muda, na kuna jambo moja ambalo sikuliandika kwenye karatasi ya makabidhiano kwa sababu halikuwa na mstari wake. Ngoma nilizihesabu, sketi za katani nilizihesabu, hata sindano. Hili halihesabiki, kwa hiyo nalieleza hapa polepole, na ukichoka weka karatasi chini upike chai, urudi.

Vyeo sitavizungumzia, kwa kuwa katika kikundi chetu vilikuwa viwili tu: Mwalimu, na sisi wengine. Mshahara pia nauacha. Mume wangu mpaka leo anaamini kuna sehemu yake nyingine niliyokuwa naificha.

Nilikuja kushona. Nilikuwa na cherehani yangu Homa Bay mjini, na siku moja kikundi kikaniletea sketi za wachezaji zilizochanika. Nikazirudisha mwenyewe kwenye ukumbi wa kukodi nyuma ya soko, mchana, wakiwa mazoezini. Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa msichana amesimama peke yake, uso umegusa ukuta, mikono nyuma. Nikadhani anasali. Nikashusha sauti ili nisimsumbue.

"Huyo hasali, Mama," akaninong'oneza mpiga ngoma mmoja, kijana mwembamba anayeitwa Otieno, bila kupoteza pigo. "Huyo alisimamisha ngoma."

"Kwa nini?"

"Kiatu ilikatika. Kaa hapo nyuma, utaona mengine."

Niliona mengine, na nikabaki miaka yote ile. Watu huniuliza kwa nini nilibaki baada ya kuona ukuta siku ya kwanza. Nilibaki kwa sababu ya kile kilichokuwa kikiendelea mbele ya ukuta. Kati ya ziwa na mpaka hapakuwa na kikundi kilichocheza vile. Mwalimu Okumu, aliyekianzisha, alikuwa amefundisha kwaya za shule mpaka akachoka na kengele. Alikuwa na sikio ambalo sijaliona tena: kwaya ya watu arobaini, angeinua kidole na kusema, "Wewe wa mstari wa pili, hujala," na kweli dada yule alikuwa hajala. Alipika uji wa kikundi mwenyewe. Mtu akifiwa, Mwalimu alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Nakueleza haya mapema ili baadaye usimfanye shetani. Shetani ni rahisi kupambana naye kuliko mtu mwema mwenye sheria mbaya.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Wimbo ukianza, haukatizwi na yeyote isipokuwa Mwalimu. Alisema mwili ukikatizwa katikati husahau, na kwamba mbele ya wageni hakuna atakayetusubiri. Aliyesimamisha alikwenda ukutani hadi mwisho wa mazoezi. Waliokuwa wakongwe walijivunia jambo hilo. "Sisi tulikulia ukutani," wangemwambia mgeni, kama watu wanavyosema walisoma shule ya bweni.

Aliyenifundisha kazi ya jukwaa alikuwa Fundi Nyangweso, mpiga nyatiti wetu, kile kinubi cha nyuzi nane, ambaye zamani alitengeneza matrekta ya miwa Awendo. Alilalamika kuhusu kila kitu isipokuwa kazi. Alinionyesha kwamba ngoma huanikwa juani kabla ya onyesho ili ngozi ikaze, lakini nyatiti huwekwa kivulini, na ole wako ukizichanganya. Nyuzi za nyatiti alizinunua kwa wauza nyavu, nailoni ile ile ya kuvulia samaki, na nta ya nyuki ya kushikia vile vijiti vya mwanzi vinavyofanya nyuzi zinung'unike aliibeba kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Mke wake aliwahi kujipaka nta hiyo kabla ya kwenda kanisani. Fundi anasema ibada ilimshika vizuri siku hiyo.

Yeye ndiye aliyenipa daftari la kwanza. "Andika kila kitu," aliniambia. "Nani amechelewa, taa gani imeungua, gara ngapi zimerudi." Gara ni zile njuga za miguuni, na hupotea kuliko kalamu. "Usipoandika, kesho watasema umeota." Nikawa mwandishi hodari. Nikaona kitu, nikakiandika; nikishakiandika, moyo ukatulia. Kumbuka hilo, kwa sababu sifa yangu ndiyo iliyokuja kuniangusha.

Kazi nyingine ilikuwa neno moja. Kabla ya wimbo wowote kuanza, msimamizi wa jukwaa hutazama kila kitu, kisha husema, "Tayari." Bila neno hilo hakuna anayegusa ngoma. Mama mkwe wangu aliposikia nimekuwa msimamizi wa steji, alifikiri ni steji ya matatu, kwamba nimeanza kuita abiria. Nilimweleza, akasema, "Kumbe unalipwa kwa neno moja." Hakukosea sana.

Jukwaa letu lilikuwa la masanduku. Utayakuta mengine bado stoo. Yalikuwa manane, ya mbao, na kila moja liliungwa na jirani yake kwa boliti na nati. Tuliyabeba kwa pikapu kutoka Homa Bay hadi Migori, tukayavusha kwa maji hadi Mfangano, tukayapanga kwenye kumbi za shule zenye sakafu za kila namna. Niliyapaka namba kwa rangi nyeupe. Spana namba kumi na tatu ilikaa kwenye mfuko wa aproni yangu, au ilitakiwa kukaa hapo.

Nisikudanganye kwamba tatizo letu lilikuwa moja. Mwalimu alipopata simu ya kisasa, alianza kutugombeza kwa sauti za WhatsApp saa kumi na moja alfajiri, na mtu akaamka na kujua amekosa kabla hajanawa uso. Maonyesho mengi yalikuwa Jumamosi, na nusu ya wachezaji walikuwa Waadventista. Kila wiki Mwalimu alishangaa upya kwamba Sabato imeangukia Jumamosi. Mikutano ilianza kwa Kiswahili na kumalizikia kwa Kijaluo, hata kama ndani kulikuwa na Mkuria. Haya yote nilikuwa nikiyaandika.

Mkuria mwenyewe alikuwa Boke. Alitoka upande wa Kehancha, binti wa miaka ishirini na mbili, mpole wa maneno, na alileta kitu ambacho hatukuwa nacho: ule mchezo wa kwao wa viatu vya mbao nene, vinavyomwinua mchezaji juu ya ardhi kama amesimama kwenye kigoda. Alifundishwa na mjomba wake. Kuviinua tu ni kazi; Boke aliruka navyo. Akitua, ukumbi mzima ulisikia kifuani. Mwalimu alimpenda kwa namna alivyopenda sauti safi, yaani hakumsifu hata siku moja. Boke aliniambia akivaa viatu vile hujiona ndipo anapoanza kuwa mtu. Alikuwa na ndoto moja tu, acheze mbele ya watu wa kwao kwenye jukwaa la kweli.

Siku yenyewe tulikuwa kwenye ukumbi wa shule moja karibu na Awendo, mchana, mazoezi ya mwisho kabla ya wageni kufika saa tisa. Pikapu ilishusha masanduku ikarudi Rongo kuchukua spika, ikaondoka na spana yangu mbele kwenye dashibodi. Nati za sanduku la tatu nikazikaza kwa vidole. Nikamwendea Mwalimu.

"Mwalimu, nipe nusu saa. Pikapu irudi."

"Mama Awuor, wageni saa tisa. Umekaza?"

"Kwa mkono."

"Mkono wako nauamini. Sema."

Nikasema, "Tayari."

Boke aliruka mara ya kwanza akatua. Sanduku la tatu likasogea, kama upana wa kidole. Nililiona. Otieno, ambaye ngoma yake ilikuwa hatua mbili kutoka pale, aliliona pia. Alinitazama akainua nyusi. Boke mwenyewe alilihisi, kwa sababu alitazama chini, na mchezaji wa viatu vya mbao hatazami chini. Sote watatu tulijua. Nami nikafungua daftari nikaandika: "Sanduku 3 linacheza. Kukaza baada ya wimbo."

Aliporuka tena, sanduku lilitengana na mwenzake, kiatu cha kushoto kikaingia kwenye pengo, na mguu ukabaki huko huku mwili ukienda mbele. Sauti yake sitaieleza.

Ngoma ziliendelea. Hili ndilo ninalotaka ulielewe kabla ya yote. Otieno alikuwa akilia na akipiga. Wachezaji walimzunguka Boke kama maji yanavyozunguka jiwe, kwa sababu miguu yao ilikuwa imefundishwa hivyo. Mimi nilisimama na kalamu mkononi. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kusimamisha, na mtu huyo alikuwa ametupa mgongo, akirekebisha kwaya upande wa pili wa ukumbi. Aliposikia kiatu cha kulia kikibingirika aligeuka, akapiga kelele, "Acheni! Acheni!" akakimbia, na ndiye aliyemnyanyua. Alimbeba mpaka nje kwa mikono yake. Nasema tena, hakuwa shetani.

Hospitalini walisema kifundo kimevunjika mahali pawili. Mfupa ungeunga. Kuhusu kucheza, daktari alisema tuulize tena plasta ikitoka, na kuhusu viatu vya mbao hakusema kitu, aliviangalia tu pale chini ya kitanda. Nilikaa na Boke jioni ile. Akaniuliza:

"Mama, ulikuwa unaandika nini?"

"Wakati gani?"

"Nilipotua ile ya kwanza. Nilikuangalia. Nikasema, Mama ameona, atasema kitu. Halafu nikaona unaandika."

Nilimwambia ukweli, kwamba niliandika sanduku linacheza. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hataki kununua. Ni adabu ile iliyonivunja. Nikatoka pale nimeamua mambo mawili: Boke atarudi jukwaani kama mguu utaruhusu, na hatarudi kwenye jukwaa lile lile.

Wiki mbili baadaye tulikuwa Migori, Jumapili mchana, ukumbi wa kukodi, kila mtu mahali pake. Mwalimu akaniangalia.

"Mama Awuor."

"Si tayari, Mwalimu."

"Nini si tayari? Taa?"

"Taa ziko."

"Masanduku?"

"Nimeyakaza yote kwa spana. Hata wewe unaweza kuruka."

"Sasa?"

"Watu ndio hawako tayari. Hakuna mmoja hapa anayeweza kukuambia simama."

Otieno akasema chini chini, "Mimi naweza kuambia hata askari wa trafiki asimame. Lakini Mwalimu, apana," na watu wawili wakacheka, kisha wakajuta.

Mwalimu hakucheka. "Kila mtu akiwa na ruhusa ya kusimamisha," alisema, "hii itakuwa kikundi ama baraza ya chifu? Huyu kiatu, yule mafua, yule ameitwa na simu. Tutamaliza wimbo gani?"

"Sijui, Mwalimu. Lakini tulimaliza ule wa Awendo, na Boke alikuwa chini."

Nilijua nimesema neno kubwa.

"Nenda nyumbani, Mama Awuor," akasema taratibu. "Umechoka. Otieno, anza."

Otieno alishika fimbo zake akaniangalia. Sikusema neno langu. Nilitembea nikakaa juu ya sanduku la tatu, katikati ya jukwaa, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri daktari. Usidhani wenzangu waliinuka kuniunga mkono. Walitoa simu zao. Mmoja alianza kupiga kiatu rangi. Fundi Nyangweso alivuta nyatiti yake, akalegeza nyuzi zote nane, na kuanza kuzifunga upya moja baada ya nyingine. Kazi hiyo humchukua alasiri nzima, na bila nyatiti hatuanzi. Hakunitazama hata mara moja.

"Fundi, hata wewe?" Mwalimu akamuuliza.

"Mimi nafunga nyuzi, Mwalimu. Nyuzi za siku hizi ni takataka." Akavuta moja, akaiuma kwa meno. "Lakini kwa kuwa umeuliza. Mimi nimepiga hii kitu kwa matanga na harusi tangu nikiwa na nywele. Kila mtu amenisimamisha. Mlevi amesema, fundi simama, nikasimama, akajisifu kwamba yeye ni simba wa Kanyada, akakaa, nikaendelea. Mjane amenisimamisha amsifu marehemu. Mtu mwingine alinisimamisha asifu baiskeli. Si ndiyo pakruok hiyo? Na wimbo haikuwahi kupotea, ilikuwa inarudi na nguvu. Sasa mlevi ananisimamisha kwa sababu ya baiskeli, na msichana wa watu hawezi kunisimamisha kwa sababu ya mguu?"

Kama wewe si wa kwetu, pakruok ni hii: katika sherehe zetu mtu yeyote anaweza kukatiza muziki, ajisifu au amsifu amtakaye, na mpigaji humsubiri amalize. Ndiyo desturi. Sisi tuliofanya muziki huo kuwa kazi ndio tuliokuwa tumeitoa ile desturi ndani yake, na hakuna aliyekuwa ameona.

Mwalimu alitoka nje. Alikaa huko muda wa kutosha Fundi kufunga nyuzi tatu. Aliporudi alikuja moja kwa moja mpaka pale nilipokaa.

"Boke anasema nini?" akauliza.

"Anasema aliniona nikiandika."

"Kuandika nini?"

Nikampa daftari, limefunguliwa ukurasa wake. Alisoma. Alisoma tena, midomo ikitembea, kama wanavyosoma watoto. Kisha akakaa karibu yangu, juu ya sanduku la nne.

"Nilikuwa nimeangalia kwaya," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kama ungepiga kelele..."

"Ukuta, Mwalimu. Katika umri wangu."

Nilimwona akiutazama ule ukuta wa ukumbi, uliokuwa mtupu. Mwishowe akasema, "Mwezi mmoja. Tujaribu mwezi mmoja, yeyote asimamishe. Ikiharibika, nitakuja kuketi hapa na wewe utanisikiliza." Nikasimama, nikapangusa sketi yangu, nikasema neno langu, na Fundi akatulaani wote kwa sababu alikuwa na nyuzi tano bado.

Sasa hapa ndipo makosa yangu mengine yanapoanza, na nakuomba ujifunze kwayo bure. Nilidhani ruhusa ikishatolewa kazi imekwisha. Wiki ya kwanza hakuna aliyesimamisha chochote. Mchezaji mmoja alicheza wimbo mzima na pini imemchoma ubavuni. Niligundua nilipokuwa nafua damu kwenye vazi lake. "Ruhusa unayo," nikamwambia. "Najua, Mama," akasema, "lakini mdomo ulikataa." Watu waliozoea kunyamaza hawafunguliwi na tangazo.

Kwa hiyo nikaamua tuzoeshane kusimama, kama tunavyozoeshana kucheza. Kila mazoezi, kabla ya wimbo wa kwanza kuisha, lazima mtu mmoja asimamishe. Sababu yoyote. Wote wanasimama pale walipo, Mwalimu akiwemo, aliyesimamisha anasema lake, kisha tunaendelea. Otieno alijitolea kwanza, bila shaka. Alipiga fimbo zake pamoja, akasimama juu ya kiti na kutangaza kwamba yeye ni mjukuu wa mtu aliyeogopwa na viboko, na kwamba mashavu yake yamefunga masoko Rongo. Mwalimu alifumba macho mpaka alipomaliza. Siku tatu mfululizo Otieno alijisifu. Siku ya nne msichana wa kwaya, mdogo wa sauti, akainua mkono akasema, "Simama. Sioni vizuri hapa, waya wa spika uko njiani." Na waya ulikuwa njiani. Tuliuondoa. Ilichukua muda mfupi kuliko mashavu ya Otieno.

Mwezi uliisha bila Mwalimu kuutaja, nami miezi ile yote nilikuwa nikienda Kehancha kwa Boke kila nilipoweza. Plasta ilitoka, mguu ukawa mwembamba, Boke akaanza kutembea, halafu kucheza taratibu kwenye uwanja wa nyumbani, peku. Mama yake alinipokea vizuri, lakini hakuniacha peke yangu na binti yake, na sikumlaumu. Daktari alisema sasa yuko sawa. Viatu vya mbao vilikuwa nyuma ya mlango, vimewekewa kikapu cha mahindi juu.

"Mama, mimi naogopa," Boke aliniambia mara ya mwisho. "Si mguu. Mguu umepona. Naogopa kusimama juu ya kitu halafu nione mtu anajua na hasemi."

Nilimweleza tulivyobadilika. Alisikiliza, akauliza, "Na mtu akisimamisha, halafu iwe hakuna kitu?"

Swali hilo hatukuwa tumelijibu. Waya ulikuwepo. Pini ilikuwepo. Bado hakuna aliyekuwa amesimamisha ukumbi mzima kwa hofu tupu. Nilimwambia, "Sijui. Njoo tuone." Nilitamani kumwahidi, lakini nilishamwambia "Tayari" ya uongo mara moja, na mara moja ilitosha.

Alikuja Alhamisi. Onyesho lililofuata lilikuwa karibu na kwao, na Mwalimu alikuwa na haraka ile yake ya zamani, kola imefunguliwa, kijasho kikimtoka. Boke alivaa viatu vyake. Nilikagua kila boliti mbele yake, nikasema neno langu. Ngoma zikaanza, akapanda, akafika ukingo wa sanduku la tatu, akainua mguu. Kisha akaushusha.

"Simameni," akasema.

Ngoma zikasimama. Zote, mara moja, mpaka nikasikia kuku nje.

Boke alivua viatu. Alinyoosha mkono kwangu, nikampa spana. Akapiga magoti akaanza na sanduku la kwanza. Kila nati aliijaribu, kila moja ilikataa kuzunguka kwa sababu nilikuwa nimeikaza mpaka mwisho. Akaenda la pili, la tatu, la nne. Hakukuwa na kasoro yoyote. Sote tulijua hakuna, na yeye alianza kujua. Aliinamisha kichwa zaidi kwa kila sanduku. Alikagua yote manane hata hivyo. Mimi sikumwangalia yeye. Nilimwangalia Mwalimu, kwa sababu kila mtu mwingine ukumbini alikuwa akimwangalia Mwalimu.

Aliangalia saa yake mara moja. Niliuona ule ukuta ukipita machoni pake, nakuapia. Kisha akaiweka mikono nyuma, akasubiri.

Boke alisimama. "Ziko sawa," akasema, karibu hatusikii. "Zote. Samahani."

"Usiombe samahani," Mwalimu akasema. Alisafisha koo. Hakuwa amezoea sentensi iliyokuwa inakuja, na ilitoka vibaya, kama mtu anayesoma lugha ya jirani. "Asante, Boke. Umefanya kazi. Otieno, mpe maji."

Otieno alimpa maji. Boke akanywa nusu, nusu akamwagia kisogoni, akavaa viatu vya mbao tena. Nilisema neno langu. Safari hii hakutazama chini. Alipotua, nilihisi kifuani, kisha alitua tena, na tena, na mahali fulani katikati ya wimbo ule Otieno alianza kulia akipiga, kama siku ile, ila sasa angeweza kusimamisha akitaka. Wiki iliyofuata alicheza mbele ya watu wa kwao. Mjomba wake alisimama katikati ya onyesho akajisifu kwa jina la Boke, kwa Kikuria, kirefu, na sisi wote tukasimama tukamsubiri.

Baada ya hapo watu walianza kusimamisha bila kulazimishwa. Nimefikiri sana kwa nini, na naamini hawakuangalia siku waya ulipopatikana. Waliangalia siku ambapo hapakupatikana kitu. Kila mtu anajua atasifiwa akipatia. Kinachomfunga mdomo ni kutojua atatazamwaje akikosea.

Sasa jukwaa ni lako. Mwalimu amezeeka, huja kuketi nyuma na kusema mstari wa pili hawajala. Watakuja wakurugenzi wengine, wengine wakali, wengine wapole ambao ukimya wao ni mkali zaidi. Huwezi kuwachagua. Unaloweza kufanya ni hili: mtu akisimamisha ngoma na msikute kasoro yoyote, usimuulize kwa nini alisimamisha. Mshukuru kwa jina, mbele ya wenzake wote, mpeni maji, halafu muanze wimbo upya kutoka mwanzo.